Mheshimiwa Apanda Daraja

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mwalimu wa farasi ametamka leo, mbele ya mashahidi, kwamba Mheshimiwa yuko tayari kupanda daraja. Nimemsikia kwa masikio yangu. Farasi yuko tayari, alisema. Kisha akaongeza kwamba tatizo ni kilichoko juu yake.

Nimelifikiria neno hilo njia nzima. Ni kweli. Tandiko limechakaa.

Naandika kwa faida ya watakaoisoma shajara hii nikishakuwa maarufu. Mheshimiwa ni farasi wangu, rangi ya kahawia, mwenye tumbo la mtu aliyestaafu vizuri. Tulimpa jina hilo kwa sababu haendi popote bila kubembelezwa. Mchezo wetu si wa mbio, wala si wa kuruka viunzi. Ni mchezo wa mwendo. Farasi anaingia kwenye uwanja wa mchanga wenye herufi pembeni, anapita mistari na miduara kwa mpangilio, anabadili mwendo pale anapotakiwa, na mwamuzi ameketi mezani akitoa alama. Mpandaji hatakiwi kuonekana akifanya chochote. Kwa hilo nina kipaji cha kuzaliwa.

Daraja la kwanza ni kwenda, kusimama na kugeuka. Tunalo hilo. Daraja la pili farasi anatakiwa pia kwenda upande upande akipishanisha miguu, kama mtu anayetafuta kiti ukumbini wenzake wakiwa wameshakaa. Mashindano ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mwalimu anasema Mheshimiwa asipopanda safari hii, umri unamtupa mkono. Atabaki kubeba wanafunzi wapya, wale wanaoshika masikio ya farasi wakiogopa.

Haitatokea. Nimemwahidi mwenyewe, sikioni. Alipiga chafya.

Mezani nilimweleza mke wangu habari za tandiko. Akauliza kama nina hakika Mwalimu alimaanisha tandiko. Nikamkumbusha kwamba nimo katika mchezo huu miaka mitatu. Akaniongezea mboga.

Jumanne, 4 Machi

Pale bandani kuna mtu ninayemwita Bwana Glavu. Farasi wake, jike mweupe, alipanda daraja mwaka jana, na tangu hapo hawezi kumsalimu mtu bila kulitaja. Leo kaniuliza habari za nyumbani. Nikasema njema. Akasema hata daraja la pili ni njema, ukishalizoea. Glavu zake nyeupe pee. Nimewahi kumwona akila ndizi amezivaa.

Mpango wa kwanza: kioo. Mimi nina duka la vioo! Najishangaa sikuwaza mapema. Farasi atarekebishaje asichokiona? Nikabeba kioo kikubwa cha kabati, ambacho mwenyewe hajaja kukichukua, nikakiegemeza kwenye uzio wa uwanja.

Mheshimiwa akaingia. Akamwona farasi mnene, wa kahawia, anayemkodolea macho bila adabu. Akalia. Mwenzake akafungua mdomo vilevile lakini hakutoa sauti. Hilo alilichukulia kama dharau. Nikamvuta kushoto, akaenda kulia. Nikamwomba aondoke, akaomba vita. Baadaye wakapatana, na akaanza kumlamba mwenzake uso.

Lakini! Wakati anakikwepa kioo alikwenda upande upande, miguu ikipishana kabisa. Nilimwita Mwalimu ashuhudie. Akasema hiyo ni hofu, si mwendo. Tofauti ndogo.

Jioni mwenye kioo akaja dukani. Akauliza huu ute ni wa nini. Nikamwambia ni dawa ya kung'arishia, bado inakauka.

Alhamisi, 6 Machi

Mpandaji bora anaubeba mpangilio mwilini. Hivyo leo mchana, nyumba ikiwa tupu, nilisogeza meza ya sebuleni, nikapanga viti ukutani, na kila kiti nikakibandika karatasi yenye herufi. Televisheni ikawa mwamuzi.

Nikaingia kutokea jikoni. Nikasimama katikati, nikaisalimu televisheni. Nikaenda telki kuzunguka kochi (telki ni ule mwendo wa farasi wa harakaharaka, wa kudundadunda). Magoti juu. Kifua mbele. Nikaanza kwenda upande, miguu ikipishana, nikijitia moyo kwa kupiga ulimi. Safi kabisa! Nikageuka penye E.

Penye E ameketi mama mkwe wangu.

Alikuwa na ufunguo. Sikujua. Mkoba magotini, karatasi ya E ameikalia. Sijui alikuwa hapo tangu lini, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona ya kutosha.

Nikampa shikamoo. Akasema marahaba, mwanangu, hebu kaa kwanza. Akanigusa paji la uso. Akauliza kwa upole hali hii imeanza lini na kama binti yake anajua. Nikamweleza yote kuhusu daraja la pili. Akasikiliza. Akasema marehemu mumewe alifuga farasi shambani maisha yake yote na hakuna siku aliyomwona akizunguka kochi. Akasema binti yake alikuwa akipanda bila tandiko tangu hajaota meno ya utu uzima.

Najua! Nimeambiwa siku ya posa, nimeambiwa siku ya harusi. Lakini farasi wale walikuwa wa kukokota mikokoteni. Ni fani nyingine kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeipata siri ya Bwana Glavu. Sukari! Nimejificha nyuma ya marobota ya nyasi nikamwona kwa macho yangu: alipomaliza mazoezi, farasi wake akapewa kipande cha sukari. Kimoja tu. Mchoyo.

Nikakata shauri kumpita. Nikajaza mifuko yote ya suruali, ya mbele na ya nyuma. Nilitaka Mheshimiwa ajue kwamba raha yote ya dunia imekaa juu ya mgongo wake.

Akajua. Tulikuwa katikati ya duara la kwanza aliposimama, akageuza shingo nyuma kama mtu anayetafuta kitu kwenye kiti cha nyuma cha gari, akaung'ata mfuko. Nikamsihi. Akavuta. Mfuko ukaondoka na sehemu ya suruali ambayo haikuwa mfuko.

Sasa nitashukaje? Watu wote wapo. Nikabaki juu ya farasi. Wengine wakamaliza, wakaogesha farasi zao, wakaenda. Bwana Glavu hakwenda. Akaegemea uzio, akanisimulia mwaka wake wa kwanza katika daraja la pili, mwezi kwa mwezi. Mwishowe akauliza mbona sishuki. Nikasema tunajenga ukaribu.

Mwalimu ndiye aliyenirushia blanketi la farasi. Alikuwa ameuma midomo, nadhani kwa hasira dhidi ya Bwana Glavu.

Nyumbani mke wangu ameishona suruali bila kuuliza. Ila mabega yalikuwa yanamtikisika. Anafanya kazi kupita kiasi, huyu mwanamke.

Jumapili, 9 Machi

Ajabu! Mheshimiwa amebadilika. Leo nimemgusa tu na mguu wa kulia, akaenda upande kushoto, taratibu, kama anayeteleza juu ya mafuta. Nilishtuka nikamvuta hatamu, akaacha. Lakini nimeona!

Mwalimu akapitisha mkono mgongoni mwake. Akasema uti umelegea, maumivu yamekwisha, kuna mtu amefanya kazi nzuri sana. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mwalimu akakohoa.

Basi ni nini kimesaidia? Kioo au sukari? Nadhani ni vyote, na haiba yangu.

Habari za nyumbani. Mke wangu ni muuguzi, na mwezi huu yuko zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi yake iko wazi. Ameanza mazoezi. Anatoka mapema, anarudi mashavu yamewiva, anaimba bafuni. Hakuwa akiimba siku nyingi. Nimempongeza. Si kila mtu ana nidhamu kama yangu, lakini anajitahidi. Analalamika mapaja yanamuuma. Jana nilimkuta na nyasi kavu kwenye nywele. Nikamwomba radhi, maana nyasi hizo bila shaka ninazileta mimi na koti langu. Akanisamehe haraka sana.

Mezani akasema, kama anaongea na sahani, kwamba huenda Mheshimiwa hapendi kubanwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza amejuaje. Akasema amehisi tu. Nilicheka kwa upendo.

Jumanne, 11 Machi

Bwana Glavu amenipongeza. Yeye! Kasema asubuhi Mheshimiwa anakwenda kama maji kwenye mfereji.

Asubuhi? Asubuhi mimi niko dukani.

Nimewaza siku nzima. Nimekata vioo viwili vibaya. Kila nikiwaza narudi pale pale, na jibu ni moja tu: farasi anajizoeza mwenyewe. Nimemtia hamasa kiasi hicho!

Jioni nilimuuliza Bwana Glavu kama Mheshimiwa hufanya yote hayo peke yake. Akasema hapana, bwana, yupo juu yake yule... Hapo Mwalimu akamwita kwa sauti iliyofanya farasi watatu kuinua vichwa. Akaondoka bila kumaliza. Yupo juu yake yule nani? Pengine alitaka kusema yule Mungu. Sikumjua kuwa mtu wa dini.

Alhamisi, 13 Machi

Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Leo Mwalimu alinitaka nipite mpangilio mzima, kama siku yenyewe. Nikavaa koti jeusi na kofia. Nikaingia vizuri. Nikasimama vizuri. Nikasalimu vizuri mno, kofia ikaanguka, Mheshimiwa akaikanyaga. Sikutetereka.

Tulipofika mahali pa kwenda upande, nilimwambia kushoto kwa mkono, kulia kwa mguu, na subiri kwa kiuno. Akachagua kusubiri. Nikampiga kisigino. Akachagua vyote vilivyobaki kwa pamoja. Tulikwenda nyuma, tukazunguka, kisha akashika shoti, akatoka uwanjani kupita juu ya ubao wa herufi K, moja kwa moja hadi stoo ya chakula. Mlango wa stoo ni mfupi. Yeye alipita. Mimi nilibaki nje, chali, kwenye lundo la samadi.

Mwalimu alinisaidia kukaa juu ya ndoo. Akaniuliza kama nimeumia. Nikasema hapana. Akasema basi atasema alilokuwa akilikwepa. Mgongo wa Mheshimiwa ulikuwa unauma, na kilichokuwa kikiuumiza si tandiko, ni ukaaji wangu. Kilichoko juu yake ni mimi. Ndivyo alivyomaanisha tangu siku ile. Angesema tu!

Kisha nikamwona mke wangu akitoka nyuma ya banda. Amevaa buti za kupandia. Zina vumbi, si mpya. Amemshika Mheshimiwa kwa hatamu, naye ananifuata kwa macho huku anatafuna, kama si yeye.

"Mume wangu," akasema, "Mwalimu aliniomba nimnyooshe Mheshimiwa mgongo asubuhi. Siku chache tu. Nilitaka kukwambia, ila kila ukirudi nyumbani ulikuwa umefurahi hivyo."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuacha baada ya siku chache.

"Kwa sababu na mimi nilikuwa nimefurahi," akasema. "Tangu baba afariki sikuwa nimepanda."

Akaweka mguu kwenye kikuku, akapanda. Mwalimu akamwambia apite mpangilio wote.

Niandike ukweli, maana shajara ni shajara. Sijawahi kuona kitu kama kile. Mheshimiwa akashusha shingo, mgongo ukainuka, lile tumbo likapotea sijui wapi. Akaenda upande upande kutoka ukutani hadi katikati, miguu ikipishana bila haraka, na juu yake mke wangu hafanyi chochote. Hakuna. Mikono imetulia kama amebeba bilauri ya maji. Nimeishi naye miaka yote hii na sikujua kwamba ana uso ule. Nilisahau kukasirika.

Kisha nikakumbuka. Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Mwalimu amesema Jumamosi atapanda mke wangu.

Ijumaa, 14 Machi

Sikuzungumza na mtu hadi saa nne asubuhi. Wateja walidhani naumwa jino.

Mama mkwe akapiga simu kunipa pole. Alijua! Kila mtu alijua. Hata mwenye kile kioo alijua, na yeye hata farasi hana.

Mchana nikatulia, nikazisoma kanuni za mashindano. Na hapo, rafiki yangu msomaji, akili kubwa ikajionyesha. Kanuni zinaruhusu mtu kusimama pembeni ya uwanja na kumsomea mpandaji mpangilio kwa sauti! Mahali pangu pamepatikana. Kwani manahodha wanapiga makasia?

Nilimweleza mke wangu. Akasema mpangilio anaujua kwa moyo. Nikasema kanuni zinaruhusu. Akasema anaujua hata akiwa usingizini. Nikasema kanuni zinaruhusu. Akanitazama vile anavyowatazama wagonjwa wanaotaka kwenda nyumbani mapema. Akasema haya, lakini nisome kilichoandikwa tu.

Nimenywa maji ya vuguvugu na asali kwa ajili ya sauti.

Jumamosi, 15 Machi

TUMEPANDA!

Nitaeleza kwa utaratibu. Watu walikuwa wengi. Mwamuzi alikuwa mama mmoja mwenye miwani, asiyecheka. Bwana Glavu alitangulia na jike lake jeupe, akafanya vizuri, kwa watu wanaopenda vitu vya kawaida. Kisha wakaitwa Mheshimiwa na mke wangu. Na mimi, ingawa mtangazaji alisahau kunitaja.

Nikasimama pale pembeni na karatasi zangu. Mke wangu alikuwa anazipanga upya hatamu ambazo tayari zilikuwa sawa. Ikanijia kwamba hili halikuwa jambo dogo kwake. Wakiharibu leo, Mheshimiwa anamalizia maisha yake akivutwa masikio. Nikataka kumwambia neno la kumtuliza. Nikamwambia asiangalie watu, wote wanamwangalia yeye. Akafumba macho, akavuta pumzi, akaingia.

Nilianza kusoma kwa sauti iliyojaa. Ingia kwa telki! Simama! Salimu! Vizuri! ("Vizuri" haikuandikwa, lakini ilihitajika.) Mwamuzi akainua uso. Tulikwenda hivyo hadi upepo ulipovuma, nikafunua karatasi mbili kwa mpigo. Nikanguruma: simama, salimu, toka uwanjani!

Tulikuwa nusu ya kazi.

Watu wakabana pumzi. Mheshimiwa akageuza sikio moja upande wangu. Mke wangu hakugeuza chochote. Akaendelea, wima, kana kwamba mimi ni jogoo wa jirani. Nikatafuta ukurasa, nikaupata, nikausoma, lakini walikuwa wameshaupita. Nikakimbilia unaofuata, wakaupita na huo. Mwishowe nilinyamaza, kwa mara ya kwanza, nikaangalia.

Wakaja upande upande kuelekea kwangu. Uwanja mzima kimya, unasikia pumzi ya farasi na mchanga tu. Mama mkwe alikuwa amesimama juu ya kiti, viatu amevua, amejishika mdomo. Mheshimiwa akasimama katikati, miguu minne sawasawa kama meza mpya. Mke wangu akasalimu. Kisha akaachia hatamu, akalala shingoni mwa farasi, akalia.

Mimi sikulia. Kulikuwa na vumbi.

Alama zimevuka kiwango, na zimebaki nyingine za kujivunia. Mheshimiwa ni farasi wa daraja la pili! Bwana Glavu alikuja, akavua glavu (ana mikono ya kawaida kabisa, nilitarajia kitu), akampa mke wangu mkono. Mimi alinipungia.

Mwamuzi ameandika chini ya alama kwamba mpandaji alidumisha utulivu wa hali ya juu licha ya msomaji. Ametajwa msomaji! Kwa maandishi! Mke wangu anasema "licha ya" si sawa na "kwa msaada wa". Nitaangalia kwenye kamusi.

Jumapili, 16 Machi

Nyumba imejaa amani. Mke wangu amelala hadi jua limepanda, kisha akaamka akiimba, na sikumkatiza kumwonyesha mahali alipokosea sauti. Nimekuwa mtu mwingine.

Kweli, wiki hizi mbili zimenifunza mengi. Nimeyatafakari nikiwa nafuta vioo dukani. Nimejifunza kwamba kiongozi wa kweli hapandi farasi, anapandisha watu. Nimejifunza unyenyekevu, na kwa kasi ambayo nadhani wachache wanaiweza.

Jioni tulikwenda bandani. Mwalimu na mke wangu waliketi kwenye marobota ya nyasi wakapanga habari za daraja la tatu. Mwakani, Mungu akipenda. Nikauliza nafasi yangu ni ipi. Wakatazamana. Mwalimu, kwa heshima kubwa, akasema safari ijayo angependa nisimame mbali kabisa, kule kwenye lango la nje, mahali ambapo sauti yangu haiwezi kufika uwanjani.

Nimelielewa tatizo mara moja. Kule sauti haifiki.

Kesho asubuhi natafuta kipaza sauti.